Kuchagua Bodi ya Maikrokontrola kwa Klabu ya Sayansi ya Shule ya Msingi

Makala haya yamekusudiwa kwa mwalimu-mwanafunzi anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, na hasa yule atakayeombwa na mwalimu mkuu aanzishe klabu ya sayansi kwa sababu tu ni kijana na, kwa hiyo, hudhaniwa kuwa anajua mambo ya kompyuta. Ombi hilo aghalabu huja pamoja na swali la fedha. Wazazi wamechanga kidogo, au rafiki wa shule amejitolea kununua vifaa, na sasa inaulizwa: tununue bodi ipi? Mwalimu mgeni hana budi kujibu, na akijibu vibaya, fedha hizo hazirudi.

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe. Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Haina kioo wala kibodi. Hushika programu moja, nayo huirudia bila kuchoka. Mita ya LUKU iliyopo ukutani ina chipu ya namna hiyo, na vivyo hivyo rimoti ya televisheni na mzani wa kielektroniki wa dukani. Chipu peke yake ni vigumu kushikwa na mkono wa mtoto, kwa hiyo huwekwa juu ya bodi yenye mahali pa kuchomeka waya, mahali pa kuingizia umeme na soketi ya kuunganishia kompyuta. Bodi hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Mwenye kusoma matangazo ya wauzaji atakuta bodi zikilinganishwa kwa kasi na ukubwa wa kumbukumbu. Sipingi vipimo hivyo, lakini naona si vya kuanzia. Taa inayowaka na kuzimika mara moja kwa sekunde haihitaji kasi yoyote ya maana, na klabu nyingi za shule za msingi hazitafika mbali sana na taa hiyo katika muhula wa kwanza. Kwa mwalimu, swali la kwanza ni hili: mtoto akikosea kuunganisha waya, na bila shaka atakosea, bodi itakuwaje? Nitaeleza kwa nini nimefikia kuliuliza swali hilo kabla ya mengine yote.

Kosa langu mwenyewe

Mwaka 2021 nilikuwa nikisaidia klabu ya darasa la sita katika shule moja iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, mahali ambapo uwanja wa shule umepakana na migomba na mfereji wa maji. Tulikuwa na bodi moja tu, iliyonunuliwa kwa michango. Mimi ndiye niliyeichagua. Nilichagua aina ya ESP32 kwa sababu ilikuwa na kasi, ilikuwa na Wi-Fi, na bei yake ilikuwa nafuu. Nilijiona nimefanya biashara nzuri.

Somo la siku ile lilikuwa kupima umbali kwa sauti, kama popo afanyavyo. Kihisi hutuma mlio usiosikika na masikio yetu, mlio huo hugonga ukuta na kurudi, na kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, muda wa kwenda na kurudi hutupa umbali. Nilimwita msichana mmoja, mpole na makini, aunganishe waya nne mbele ya wenzake huku nikimtajia moja baada ya nyingine. Aliziunganisha sawasawa kabisa kama nilivyomwambia. Kihisi kikafanya kazi kwa muda, kikatoa namba chache, kisha namba zikakoma. Tulijaribu kila njia, lakini ile pini ya bodi haikusoma tena.

Msichana akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimeiua?"

Hakuwa ameiua yeye. Kihisi cha namna ile hutumia volti 5, na waya wake wa kurudisha jibu hutoa volti 5 vilevile. Pini za ESP32 zimetengenezwa kwa volti 3.3. Nilipaswa kuweka rezista mbili za kupunguza volti, nami nilisahau. Nililitangaza kosa hilo darasani kuwa ni langu, nikachora ubaoni jinsi lilivyotokea, lakini maelezo ya mwalimu hayafuti alichokiona mtoto kwa macho yake: kitu cha shule nzima kimeharibika mikononi mwake. Juma lililofuata alikaa nyuma. Alipoitwa kushika vifaa alisema mwenzake ashike. Ilichukua karibu muhula mzima kabla hajagusa waya tena, na hadi leo sina hakika kama alirudi kwa moyo au kwa heshima tu.

Ndugu mwalimu, hasara ya bodi ile ilikuwa ndogo. Hasara iliyonisumbua ni ile nyingine.

Volti kabla ya kasi

Kwa hiyo, unapoonyeshwa bodi, uliza kwanza pini zake ni za volti ngapi na zinavumilia mkondo kiasi gani. Majibu haya mawili yatakueleza mengi kuhusu maisha ya bodi hiyo mikononi mwa watoto wa miaka 11.

Bodi ya Arduino Uno, toleo la R3, hutumia volti 5. Vihisi vingi vya bei nafuu vinavyouzwa mijini ni vya volti 5 pia, kwa hiyo kosa nililolifanya mimi kwa ESP32 lisingekuwa kosa kwa Uno. Pini yake moja inaweza kutoa miliampea 20 bila taabu, na ukomo wake ni 40. Hata mtoto akigusanisha waya wa volti 5 na waya wa chini huku bodi imeunganishwa na kompyuta, ipo fyuzi ndogo ndani yake ambayo hukata umeme na kujirudisha yenyewe baada ya kupoa. Na lipo jambo jingine ambalo walimu wachache hulitazama: katika Uno R3 ya kawaida, chipu kuu, ATmega328P, imechomekwa kwenye soketi yenye miguu 28. Ikiungua, huchomolewa kwa bisibisi nyembamba na nyingine huwekwa. Muuzaji atakuambia kwamba ile chipu ndogo iliyolehemiwa moja kwa moja juu ya bodi ni ileile. Kwa kazi ni ileile kweli. Kwa matengenezo sivyo. Uliza yenye soketi. Uhakikishe tu kwamba chipu ya akiba unayonunua imekwisha kuwekewa programu ndogo ya kuanzishia, la sivyo haitapokea maagizo kutoka kwenye kompyuta.

Uno si bodi ya kasi. Ina megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya muda. Asili yake ni mji wa Ivrea nchini Italia, mwaka 2005, ambako walimu wa chuo cha usanifu walitaka chombo rahisi kwa wanafunzi ambao hawakuwa wahandisi. Michoro yake ilitangazwa wazi, na ndiyo maana leo kuna nakala nyingi zitengenezwazo na viwanda vingine kwa bei ya chini. Nakala hizo mara nyingi hufanya kazi vema, ila nyingi hutumia chipu ya CH340 kwa kuzungumza na kompyuta, na kompyuta ya zamani huenda ikahitaji kuwekewa programu ya kuitambua. Fanya hivyo mjini penye intaneti kabla hujapanda na vifaa vyako shuleni. Nimemwona mwalimu akipoteza kipindi kizima kwa jambo hilo huku watoto 50 wakimtazama.

Mtu asije akadhani kwamba kilicho kipya ndicho imara. Mwaka 2023 lilitoka toleo la Uno R4, lenye kasi ya megahezi 48 na kumbukumbu kubwa zaidi. Ni bodi nzuri, lakini pini yake inapaswa kutoa miliampea 8 tu. Mwalimu aliyezoea R3, akiunganisha taa kwa hesabu zake za zamani, ataitesa bodi mpya bila kujua.

Hesabu yenyewe ni hii, na inafaa kufundishwa darasa la saba kama zoezi la kugawanya. Taa nyekundu ya LED hutumia volti 2 hivi. Kutoka volti 5 hubaki volti 3 za kumezwa na rezista. Rezista ya omu 220 itapitisha 3 ÷ 220, yaani karibu miliampea 14. Kwa R3 ni salama. Kwa R4 ni nyingi mno. Tumia rezista ya omu 470 nawe utapata miliampea 6 na kitu, na taa bado itaonekana vizuri hata darasa likiwa na madirisha makubwa.

Bodi nyingine

BBC micro:bit ni mpole kwa njia nyingine. Ilianza kugawiwa kwa watoto wa Uingereza mwaka 2016, nayo ilibuniwa kwa ajili ya mikono ya watoto tangu mwanzo. Juu yake zipo taa ndogo 25, vitufe 2, kihisi cha mwendo na dira. Toleo la pili la mwaka 2020 liliongezewa kipaza sauti na spika. Maana yake ni kwamba masomo mengi ya mwanzo hayahitaji waya wowote wa nje, na pasipo waya hapana waya wa kukosewa. Programu hupangwa kwa vibao vya rangi vinavyoshikamana, na mwenye simu janja anaweza kuituma kwa Bluetooth bila kompyuta. Huendeshwa kwa betri mbili ndogo. Kwa darasa la tatu hadi la tano sijaona inayoizidi. Tatizo lake ni bei, na kwamba ikiungua haitengenezeki kwa urahisi. Pini zake ni za volti 3.3, kwa hiyo yale niliyoyasema kuhusu kihisi cha popo yanaihusu pia.

Tahadhari moja ya kitaaluma. Kipimajoto cha micro:bit kimo ndani ya chipu, hivyo hupima joto la chipu yenyewe, nalo huwa juu kidogo ya joto la hewa. Usiwaambie watoto kwamba hilo ndilo joto la Arusha. Weka kipimajoto cha kioo kando yake, wasome vyote viwili asubuhi, adhuhuri na jioni kwa juma moja, kisha waulize tofauti ni digrii ngapi na kwa nini haibadiliki sana. Kasoro ya chombo imekuwa somo.

Raspberry Pi Pico ilipotoka Januari 2021 iliuzwa dola 4 za Marekani, nayo ina nguvu kupita Uno mara nyingi: megahezi 133 na kilobaiti 264 za kumbukumbu ya muda. Mwalimu huweza kuvutiwa na bei hiyo, na kwa haki. Lakini Pico ya kawaida huja bila miguu. Lazima ununue vipande vya miguu na kuvilehemu mwenyewe, miguu 40, au utafute ile iliyokwisha kulehemiwa kiwandani. Anayejua kulehemu aichukue. Asiyejua atafute msaada wa fundi redio. Mji wa Arusha hauna uhaba wa watu wa namna hiyo, nao ni mji ambao zamani Philips iliwahi kuwa na kiwanda cha redio. Pini zake ni za volti 3.3.

Na ESP32? Sijaifukuza. Ni bodi ya kufaa pale ambapo namba zinahitaji kusafiri: tangi la maji liko mbali, ofisi iko huku. Lakini inapotuma kwa Wi-Fi hudai mkondo mkubwa kwa ghafla, miliampea mia mbili na zaidi, na betri dhaifu huanguka, bodi ikajizima na kujiwasha upya tena na tena. Watoto hudhani programu yao ni mbovu. Iache hadi klabu iwe na sababu ya kuitaka.

Umeme na kompyuta

Hapa sitakaa sana. Andika bodi mnayoitaka, kisha andika pembeni yake kompyuta itatoka wapi na umeme utatoka wapi. Ukikosa la kuandika, simama hapo. Programu ya kuandikia maagizo ya Arduino hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Betri ya mraba ya volti 9, ambayo watu huipenda kwa umbo lake, huendesha Uno saa kumi hivi na kuisha, nayo si rahisi kwa bei. Pawa benki ni bora, lakini nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo, nawe utadhani bodi imekufa. Ijaribu kwa saa nzima nyumbani kabla ya kuipeleka darasani.

Uliza pia kama bodi inahitajika kabisa. Bernard Kiwia, fundi wa Arusha na mmoja wa waanzilishi wa karakana ya Twende, alijulikana kwa chaja ya simu inayopata nguvu kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Mtoto aliyeelewa jinsi gurudumu linavyozaa umeme ana msingi ambao hakuna programu itakayompa. Klabu isiyo na fedha ianze na betri, balbu, swichi na spika iliyotolewa katika redio mbovu. Bodi itakuja.

Somo la mfano: udongo wa bustani ya shule

Nimeona ni vema nimalizie kwa somo nililolirudia mara kadhaa kwa Uno. Linafaa darasa la sita na la saba, na linafaa zaidi wakati wa kiangazi, baada ya mvua za masika kwisha mwezi Mei, udongo wa bustani unapoanza kukauka.

Chukua misumari miwili mirefu iliyopakwa zinki. Ichomeke katika udongo, sentimita 3 kati yao. Msumari mmoja uunganishwe na pini ya kawaida ya bodi, namba 7 mathalani. Wa pili uunganishwe na pini ya kusomea iitwayo A0, na kutoka hapo rezista ya omu 10,000 iende kwenye waya wa chini. Udongo wenye maji hupitisha umeme, mkavu huuzuia. Programu iwashe pini namba 7 kwa muda mfupi, isome A0, kisha iizime. Namba itakuwa kati ya 0 na 1023: udongo mkavu karibu na sifuri, udongo uliolowa juu zaidi.

Kabla ya kwenda bustanini, jazeni makopo mawili udongo wa hapohapo. La kwanza likaushwe juani siku tatu, la pili limwagiliwe hadi maji yatoke chini. Namba za makopo hayo mawili ndiyo mipaka ya kipimo chenu. Msikope namba za kitabu wala za shule jirani, maana udongo wa majivu ya volkano ulioko juu kuelekea mlimani haufanani na ule wa chini upande wa Usa River.

Kama darasa lina wanafunzi 60 na bodi ni 2, usiwakusanye wote kuizunguka meza. Gawa kazi: kundi moja linachimba kwa kidole na kukisia kabla ya kupima, la pili linasoma namba, la tatu linaandika jedwali, la nne linachora mstari wa siku kumi kwenye karatasi ya manila, na makundi yazunguke kila siku. Kundi la wakisiaji ndilo lipendwalo kuliko yote. Wapo watoto wa wakulima wa Meru ambao kidole chao hukubaliana na bodi siku zote, na siku moja bodi ikikataa, msikimbilie kuiamini bodi. Kagueni waya kwanza. Mara mbili nimekuta kidole ndicho kilichokuwa sahihi, waya umelegea.

Kila mtoto aunganishe waya kwa zamu, na kila mtoto aruhusiwe kukosea. Kwa mpangilio huu wa volti 5, misumari na rezista kubwa, sijaona kosa la kuunganisha misumari lililoiua bodi. Hata hivyo kaa na chipu moja ya akiba katika bahasha, na uwaonyeshe watoto bahasha hiyo siku ya kwanza, kabla hawajagusa chochote. Waeleze ni ya nini.

Baada ya siku kumi ng'oeni misumari na kuiosha. Msumari uliokuwa ukipokea umeme kutoka pini namba 7 utakuwa umeliwa zaidi ya mwenzake. Watoto wataliona hilo kabla yako, nao watauliza; usijibu siku hiyo. Waambie wachukue misumari mingine miwili, wabadilishane nafasi za waya, na wasubiri siku kumi nyingine.